Kijiti Changu na Chui wa Mama

Nikisugua jani la kichaka cha leleshwa kati ya vidole, ile harufu yake kali kama dawa ya kifua hunirudisha Naivasha, kwenye kituo cha wanyama yatima ambako mama alikuwa akimlisha chui.

Nyumba yetu ya mabati ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa kizimba chake. Sakafu ya simiti, seng'enge pande zote, na chui akienda na kurudi mchana kutwa. Nilimwogopa kupita kiasi. Kwa hivyo kila asubuhi kabla ya shule nilichukua kijiti nikagonga seng'enge mpaka aruke na kunguruma. Hapo nilijua yumo ndani, nikaenda zangu. Mnaweza kucheka, lakini nilikuwa na miaka minane, na kwangu ilikuwa kama kuhakikisha mlango umefungwa.

Mama alichoka kumwona akizunguka. Ijumaa moja alimfungia katika chumba kidogo nyuma ya kizimba, akapanga mawe makubwa kizimbani na kusimika kati yake matawi mabichi ya leleshwa, kisha akamfungulia. Mwenye kituo alikunja uso.

"Mama Chebet, watu wanakuja kuona chui, si majani. Wasipomwona kesho, tunafyeka."

Kesho yake nikagonga kama kawaida. Kimya. Nikagonga tena, nikazunguka pande zote nikichungulia. Hapakuwa na chui. Mkojo ulinitoka, sitawaficha. Nikakimbia nikipiga mayowe, "Mum, chui ametoroka! Ametoroka!" Wageni waliokuwa langoni wakarudi mbio kwenye magari yao.

Mwenye kituo alikagua kufuli, akaikuta imefungwa vizuri, na hasira zikampanda. "Si nilikuambia? Leteni panga!"

"Nipe dakika kumi tu, boss," mama akasema. Alininyang'anya kijiti, akaniketisha chini mbele ya seng'enge. "Usigonge. Nyamaza kabisa."

Wageni walirudi mmoja mmoja, wakachuchumaa nyuma yetu. Muda ukapita. Kisha majani yakatikisika kidogo, nikaona jicho, halafu sharubu. Alikuwa amejilaza, kidevu juu ya miguu yake. Sikuwahi kumwona amejilaza mchana.

"Ngai, kumbe amekuwa akituangalia wakati huu wote," mama mmoja kati ya wageni akanong'ona. Hakuna aliyetaka kuondoka. Mwenye kituo alisimama na panga lake mkononi, kisha akalirudisha stoo.

Siku hizi kazi yangu ni kuchora ramani za makao ya wanyama. Wenye vituo huniuliza kwanza wageni watasimama wapi. Mimi huanza na mahali ambapo mnyama hataonekana. Utotoni nilidhani yule chui alikuwa akiruka kwa hasira. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kila asubuhi pale kwenye seng'enge tulikuwa wawili wenye hofu, na kijiti kilikuwa mkononi mwangu.