Nilivyosimamisha Gari la Mashindano Nilipige Picha

Gari lilisimama hatua mbili kutoka magotini kwangu, vumbi likanifunika, dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee, mbele kuna ajali?"

Nikamjibu ukweli. "Hapana, nataka picha itulie."

Mimi ni mpiga picha wa kipaimara na harusi hapa Same. Shule niliishia la nne. Magari ya mashindano yalipopita mara ya kwanza huko kijijini Bendera, nilirudi na picha za ukungu mtupu. Elisante, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera, akarudi na gari linaloonekana hadi jasho la dereva. Stendi nzima wakarushiana picha zake kwenye simu. Wivu ukanishika.

Nikajishusha, nikamuuliza Elisante kibandani kwa Nakijwa, mama lishe wetu: "Kwako magari yanatuliaje pichani?"

Akapuliza chai yake. "Kaka, ninawainulia madereva mkono tu, wananitii."

Nikaamini, maana kwenye kipaimara ndivyo tunavyofanya: unainua mkono, msafara wa watoto unasimama, unapiga. Basi mashindano yaliyofuata mimi niliinua mikono yote miwili, katikati ya njia.

Dereva yule alikosa ushindi. Mimi nimepigwa marufuku kwenye mashindano, na kanisani kipaimara cha mwaka huu wamempa Elisante. Kumbe siri ni kuzungusha kamera kufuata mwendo wa gari; nimeambiwa na mpiga picha mgeni. Ujinga ni wangu, sikatai. Lakini wewe Elisante, njoo kwa Nakijwa useme mbele ya watu kwa nini ulinidanganya.