Apdeti Zinakula Bando

Makamu mkuu wa chuo chetu pale Tabora aliniagiza nizime masasisho ya kompyuta zote. "Apdeti zinakula bando," alisema. Mimi nilikuwa fundi wa mtandao. Nilimweleza kwamba mfumo endeshi usiosasishwa huwa na matundu, na kwa kuwa kompyuta zetu zimeungwa pamoja, atakayepenya moja amepenya zote, hata ya kwake. Alicheka. Niliandika barua tatu, hakujibu hata moja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la fundi afanywe nini.

Mtihani ukavuja. Akasimama mbele ya chuo kizima akasema mwizi ni yule anayeshika mtandao, na macho yote yakanigeukia. Jumapili ile mama yangu aliipata habari kanisani Igalula, kwa mwanakwaya mwenzake, kabla sijapata ujasiri wa kumpigia simu. Alirudi nyumbani bila kuimba. Hilo liliniuma kuliko hofu ya kupoteza kazi yenyewe.

Kamati ilipoketi kunihoji, sikujitetea kwa maneno. Niliomba kompyuta moja ya maktaba, zile wanazotumia wanafunzi, nikaiunga na projekta. Chai yao haijapoa, nilikuwa nimeshaingia kwenye kompyuta ya makamu, kupitia tundu lile lile nililolitaja kwenye barua. Mtihani uliovuja ulikuwa pale, wazi kwa yeyote. Ningeweza kuishia hapo. Sikutaka. Nilifungua na barua ya kunifukuza kazi, aliyoiandika siku tatu kabla kamati haijakutana, nikayakuza maandishi mpaka mwenyekiti aliyesahau miwani akasoma mwenyewe. Nilifurahi, sifichi.

Kamati ikanisafisha. Makamu akanifuata kwenye korido, akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, yaishe."

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Yataishia Igalula, kanisani, mbele ya waliosikia."

Alikuja. Baada ya matangazo alisimama, jasho likimtoka, akaanza kueleza. Mama alimsamehe kabla hajamaliza, akamkaribisha nyumbani, akamchinjia kuku. Mimi ndiye niliyemmiminia maji ya kunawa. Alinitazama akisubiri neno. Nikampa taulo.

Sijamsamehe mpaka leo, na mama anadhani nilishamsamehe.