Jicho la kulia laona buluu, la kushoto laona tope

Mwaka jana wakati kama huu, Khamiso Soomro wa mji wa Hala, jimboni Sindh, hakuwa na jicho la kulia lenye kazi, na la kushoto alikuwa nalo kwa jina tu. Hakuwa na ndugu wa kukamua naye kitambaa. Hakuwa na meno manne ya mbele. Hakuwa na redio, tangu ile ya zamani ilipotumbukia kwenye rangi. Na hakuwa na hamu ya kuambiwa kitu na mtu yeyote.

"Andika pia kwamba sikuwa na wasiwasi," anasema. "Wasiwasi ulianza siku niliyofunguliwa bandeji."

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Mzee huyu wa miaka sitini na minane anachuchumaa kando ya mtungi wa nili, rangi ya buluu ya majani, uliofukiwa ardhini hadi shingoni. Anafunua kifuniko, ananusa, anachovya ncha ya kidole, anaigusisha ulimi na kutema pembeni.

"Umeamka," anasema. Anauzungumzia mtungi: rangi iko tayari.

Mkewe, Sabhagi, anashika ncha ya pili ya kitambaa. Kinazama na kutoka kijani. Upepo unakipiga, na hapo hapo kijani kinaanza kugeuka buluu mbele ya macho. Khamiso anakitazama bila kupepesa, kama mtu anayehofia kitaondoka.

Kitambaa hicho ni ajrak, shali ambayo mwanamume wa Sindh huvikwa siku ya harusi na hufunikwa nayo siku ya mazishi. Moja huchukua karibu wiki tatu, kuanzia kuloweshwa kwenye samadi ya ngamia hadi kuanikwa mara ya mwisho, na huuzwa rupia elfu nne. Katika mwaka wao mbaya kuliko yote, ua huu uliuza ajrak kumi na moja tu.

Mwaka huo haukuletwa na ukame wala bei ya nili. Uliletwa na jicho.

Katika ua wa akina Soomro kuna desturi ambayo haijaandikwa popote: rangi husemwa na mkubwa. Kitambaa kikitoka mtunguni, wote hunyamaza mpaka mkubwa aseme "imekamata" au "bado". Baba yake Khamiso alisema hivyo kwa miaka arobaini. Khamiso akairithi kauli hiyo pamoja na mitungi minne na vibao vya kugongea nakshi.

Miaka sita iliyopita ukungu mwembamba ulianza kumjia. Alidhani ni moshi wa majirani, na aliwagombeza kwa kupika na kuni mbichi. Kumbe ni mtoto wa jicho. Daktari Shagufta Memon, aliyekuja kumpasua baadaye, anaeleza kwamba lenzi ya jicho huzeeka ikawa kama chai ya rangi. "Na rangi ya kwanza kuibwa ni buluu," anasema. "Mwenye jicho hajui kwamba ameibiwa. Anadhani ni dunia iliyochakaa."

Kitambaa kilikuwa kikichovywa mara nane, desturi tangu enzi za baba. Khamiso anatazama, anasema: bado. Mara ya kumi, bado. Mara ya kumi na nne, labda. Ajrak zikawa zinatoka nyeusi kama masizi. Mama mmoja wa bwana harusi aliirudisha yake akaitupa juu ya ukuta. "Niliagiza ya kuolea," alisema, "si ya kuzikia."

Kutunza mitungi ilikuwa kazi ya Punhal, mdogo wake Khamiso kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyenunua nili, aliyeilisha chokaa na kuilaza usiku. Kwa hiyo rangi ilipoharibika, kaka mtu alijua pa kutazama, ingawa alikuwa haoni.

Waligombana kwenye kibanda cha chai cha karibu na msikiti, mbele ya wanaume kama kumi.

"Kaka, nili ni ile ile," Punhal alisema. "Macho yako ndiyo si yale yale."

"Macho haya yalikuona ukizaliwa."

"Ndiyo maana yamechoka."

Kibanda kizima kilicheka. Khamiso anasema angeweza kuvumilia lolote siku ile isipokuwa kicheko. Akasimama, akasema kwamba mdogo wake anauza nili nzuri kwa siri na kumletea yeye udongo.

Watu wakaacha kucheka. Punhal akaweka kikombe chini, akaenda nyumbani, akachukua kanzu mbili na kupanda basi la kwenda mji wa Sukkur. Huko, mtu aliyejua kuulea mtungi wa nili kama mgonjwa anakaa kwenye pembe ya soko akipaka mitandio ya wanawake kwa rangi za pakiti. Imepita miaka mitatu. Simu ya kutoka Hala anaikata, na ujumbe anaufuta bila kuusoma.

Sabhagi akashika ncha ya pili ya kitambaa. Kisha likatokea jambo la ajabu. Buluu ikarudi. Wafanyabiashara waliokimbia wakarudi nayo, wakasifu. Khamiso, ambaye sasa alikuwa akiwatambua kwa sauti, alikwenda kibandani kila Ijumaa kuwakumbusha watu.

"Mmeona?" alikuwa akisema. "Mwizi kaondoka, rangi imerudi."

Kambi za upasuaji wa bure zilikuja Hala mara mbili, na mara mbili alikataa. Zilipokuja mara ya tatu, alikuwa ametumbukia mtunguni kwa mguu mmoja hadi pajani, na mguu ukabaki wa buluu kwa wiki mbili.

"Nilimwambia, mguu umeshaiona buluu, sasa ni zamu ya jicho," anasema Sabhagi. "Akanyamaza. Akinyamaza huyu, amekubali."

Walimpasua jicho la kulia katika darasa la shule ya serikali, madawati yakiwa yamepangwa ukutani. Ilichukua dakika ishirini. Hakusikia maumivu, ila alisikia daktari na muuguzi wakijadili namna ya kupika bamia.

"Zisitiwe maji," alisema kutoka chini ya kitambaa cha upasuaji.

"Mzee, tulia," daktari akamjibu. "Bamia ni zangu, jicho ni lako."

Asubuhi yake wakamfungua. Cha kwanza kuona kilikuwa ukuta, na kilimshangaza, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba nyeupe haina manjano ndani yake. Cha pili kilikuwa mtandio wa daktari.

"Nani kakupakia rangi mtandio huu?"

"Nimeununua dukani, baba."

"Ni rangi ya pakiti. Haina adabu." Akautazama tena. "Lakini ni buluu."

Daktari anasema kwamba wagonjwa wengi hufurahi wakati huo. Huyu alikunja uso.

Aliamriwa kukaa wiki sita bila kuinama, bila kubeba kitu, bila maji usoni na bila kukaribia chokaa. Matone ya dawa mara nne kwa siku. Sabhagi ndiye aliyeyatia, na ilikuwa vita.

"Alikuwa akifumba jicho kabla tone halijatoka kwenye chupa. Nilimwambia, ukifumba tena nakutia puani."

Kwa hiyo Khamiso alikaa kwenye kitanda cha kamba, amevaa miwani ya jua, bila kazi nyingine isipokuwa kutazama. Wiki ya tatu aliomba aletewe sanduku la bati lenye vitambaa ambavyo havikuuzwa.

Akatoa kimoja, akakikunjua magotini.

"Hiki cha lini?"

"Cha Punhal," mkewe akasema. "Cha mwisho. Alikitoa mtunguni mara ya nane, ukasema kina udongo."

Akafumba jicho la kushoto, ambalo bado halijapasuliwa, akakitazama kwa la kulia. Ilikuwa buluu nzito, safi, yenye kina, buluu aliyoiona mara ya mwisho mikononi mwa baba yake. Akafumba la kulia, akakitazama kwa la kushoto. Tope la mfereji. Akabadilisha tena: buluu. Tena: tope. Alirudia mara nyingi mno hata Sabhagi akadhani kidonda kimefumuka.

"Kitambaa ni kile kile," alisema mwishowe.

"Ni kile kile."

"Basi kama nili ya Punhal ilikuwa nzima, kwa nini alipoondoka rangi ikawa nzuri?"

Sabhagi alikuwa na mwiko mkononi. Anasema aliuweka chini kwanza.

"Kwa sababu ulikuwa ukiniagiza mara kumi na nne, nami nachovya nane. Ukiuliza, nakwambia kumi na nne."

"Miaka yote mitatu?"

"Tulikuwa tunataka kula, baba watoto."

Hakumgombeza. Alikikunja na kukikunjua kitambaa kile hadi adhana ya alasiri. Kisha akasema, "Na mimi nikawa namwita ndugu yangu mwizi, na ushahidi wangu ni kazi ya mikono yako."

"Nilijua," akajibu. "Kila Ijumaa ukivaa viatu kwenda kibandani nilijua unakwenda kusema nini. Niliogopa nikikwambia utaifunga mitungi. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, sikuachii wewe."

Kesho yake Khamiso alikwenda kibandani. Hakukaa. Alisema alichokuja kusema akiwa amesimama, kwa kuwa lile neno la kwanza pia alilisema akiwa amesimama.

"Nilisema hapa kwamba Punhal aliniletea udongo. Ulikuwa uongo. Udongo ulikuwa jichoni mwangu."

Aliyejibu ni mzee Bachal, mfinyanzi, rafiki yake wa tangu utoto. "Tulijua, Khamiso. Vitambaa vyeusi tuliviona sote."

"Mbona hamkusema?"

"Si rangi husemwa na mkubwa?"

Khamiso anasema maneno hayo yalimuuma kuliko upasuaji, maana upasuaji ulikuwa na ganzi.

Ilibaki barua. Majirani walijitolea kumwandikia, akakataa. Alijifunza herufi akiwa na miaka thelathini na mmoja, katika darasa la usiku la watu wazima, na haoni sababu ya kumpa mtu mwingine kazi anayoiweza. Aliiandika kwa siku nne, akishika karatasi upande wa jicho la kulia.

"Umeandika samahani?" Sabhagi alimwuliza.

"Nimeandika."

"Wapi?"

"Mstari wa kwanza kabisa. Niliogopa nikiiacha chini nitaghairi njiani."

Mistari inayofuata ni michache. Mwezi wa Januari, anaandika, daktari atampasua jicho la kushoto, na kwa wiki sita hatakaribia mitungi. Anamwomba Punhal aje aishike. Na rangi aiseme yeye, si kwa wiki hizo sita tu, bali hata jicho likishapona. Chini kabisa ameongeza kwamba Sabhagi naye ana la kusema, ila atalisema mwenyewe kwa mdomo.

Hajui kama mdogo wake atakuja. Kitanda amekwisha kukifunga kamba mpya na kukiweka upande wa ukuta wenye kivuli, pale Punhal alipopenda kulala. Akija, wanataka kuwa na ajrak thelathini kabla ya msimu wa harusi. Asipokuja, upasuaji ataufanya hivyo hivyo, na mitungi italala.

Jumatatu, saa nne asubuhi, yuko kwenye dirisha la posta ya Hala.

"Ya kawaida au rejista?" karani anauliza.

"Ipi ambayo lazima aisaini kwa mkono wake?"

"Rejista. Asipokuwepo wanairudisha."

"Basi hiyo."

Anailamba gundi, anaikunja bahasha na kuikandamiza kwa kidole gumba, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Karani anaivuta kwake, anaigeuza, anaguna. Nyuma ya bahasha, juu kabisa ya mshono, kuna alama ya kidole, buluu, kila mstari wake ukionekana.

"Mzee, umeichafua. Nikupe bahasha nyingine?"

Khamiso anainama dirishani, anafumba jicho la kushoto, anaitazama.

"Iache," anasema. "Hiyo ndiyo atakayoisoma kwanza."

Karani anagonga muhuri na kuitupa kwenye gunia la Sukkur.