Mapafu ya Mtoto wa Miezi Saba

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilijifungua mimba ikiwa ya miezi saba, wakati mume wangu yuko kambi ya wajenzi wa reli, huko Makambako. Nilikuwa mwalimu wa biolojia, mgeni Mbeya, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Soweto. Jirani aliyeuza ndizi sokoni ndiye aliyenipeleka hospitali, kwenye pikapu ya viazi.

Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara moja, sauti ndogo, kisha akaanza kupumua kwa kuguna. Kila alipovuta hewa mbavu zilibonyea ndani. Nesi alimwekea oksijeni. Nilikaa kwenye benchi kando yake nimejifunika blanketi, nikimtazama kifua. Kesho yake mchana, mvua ikinyesha, kikatulia.

Nilirudi Soweto mikono mitupu, maziwa yakilowesha kanga. Majirani walikuja, wakakaa, wakaondoka. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Zile ndoo za maji ulizokuwa ukibeba, mwalimu. Tulikuonya." Aliondoka, maneno yake yakabaki chumbani.

Wiki ya tatu nilimfuata daktari aliyemhudumia mtoto, mama wa makamo.

"Daktari, ni ndoo?"

Alivuta kiti akakaa karibu nami. "Kwa nini uchungu ulianza mapema, sijui. Hata wanaoshinda kitandani, uchungu huwapata mapema. Lakini kilichomzuia kupumua nakijua. Wewe unafundisha seli, utanielewa. Ndani ya mapafu kuna utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Mwanao alikuwa na jeni zote za kuutengeneza. Ila jeni haifanyi kazi kwa kuwapo tu. Mimba inapokaribia kukomaa, homoni huingia kwenye seli za mapafu, hushikana na protini fulani, na protini hiyo huenda kwenye kiini ikashika jeni. Hapo ndipo seli zinaanza kutengeneza utelezi wa kutosha. Kwake, wakati ulikuwa bado."

"Na haiwezi kuharakishwa?"

"Nchi nyingine wameanza kuwachoma akina mama sindano ya homoni kabla hawajajifungua. Hapa bado." Aliinamisha kichwa. "Pole, mwalimu."

Mume wangu alipata ruhusa ya siku mbili. Nilimchorea seli nyuma ya bahasha, nikamwonyesha kiini, nikamwonyesha protini inapopita. Aliangalia mchoro muda mrefu. "Sawa," akasema. Akatoka, akatengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea. Tulikula, na asubuhi akapanda lori la kambi.

Shule zilipofungwa nilikwenda Kilolo kwa mama. Nilimkuta akipukuchua maharage. Nikajaribu kumweleza kwa Kihehe yale ya daktari, lakini jeni sikuijulia jina, nikaishia kusema mapafu yalikuwa hayajaiva. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi. Kisha akauliza, "Alifanana na nani?"

Tangu siku ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

"Wewe, mama. Paji la uso, na masikio."

Akaweka ungo chini. Tulilia pale jikoni mpaka moto ukazimika.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Mbeya peke yangu. Yule daktari alikuwa amehamishwa. Mume wangu aliendelea kufuata reli, akija mara chache, na hatukujaliwa mtoto mwingine. Kidato cha tatu niliwafundisha seli kwa miaka mingi. Kila nilipofika kwenye mapafu, niliandika ubaoni nikiwapa mgongo.