Hajiri Alipewa Mkate na Maji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani Hajiri ni mtu mbaya. Juzi nilitazama filamu mpya kuhusu Ibrahimu wa Bibilia, na hasira ikanirudisha kimawazo utotoni, kanisani kwetu Kibera, alasiri ya mvua, mabati yakipiga kelele, filamu nyingine ya kisa hicho ikionyeshwa kwenye shuka ukutani. Niliketi karibu na mama, aliyefanya kazi za nyumba katika mtaa jirani wa Nyayo Highrise. Mikono yake ilinukia sabuni ya unga.

Hajiri, kijakazi wa Sara mke wa Ibrahimu, alipofukuzwa pamoja na mwanawe, watu walipiga makofi. Nami nikapiga.

"Alikuwa na madharau," akasema jirani yetu, Mama Brayo.

"Na amepewa nini?" mama akauliza.

"Mkate na maji. Si umeona?"

"Miaka yote hiyo amewafanyia kazi?"

"Wacha maswali, hii ni Bibilia."

Mama akapangusa macho. Nilidhani ni moshi wa jiko la nje. Sikujua kwamba asubuhi hiyo alikuwa amefutwa kazi.

Katika filamu hii mpya Ibrahimu analia vizuri, kamera ikimbembeleza. Hajiri tunaonyeshwa mgongo tu, kisha anapotea. Nimerudia kusoma sura ile katika Bibilia nikiogopa nimekosea, lakini sikukosea: kule jangwani malaika alizungumza na Hajiri. Kwa nini waliotengeneza filamu wamnyime hata hilo?

Sasa ninafundisha watoto kanisani Kawangware, na hadithi hii naianzia kwa Hajiri.