Tangi Lililonyweshwa Uji

Miaka ya sabini, kule Kasulu, baba wa mchumba wangu alinipa sharti moja: nimjengee tangi la maji lisilovuja, ndipo anipe binti yake. Zege nililichanganya na unga wa kigeni ambao, ukilowa, huota chembe ngumu na kuziba vitundu. Maelezo yaliyoandikwa kwenye mfuko wake niliyasoma kwa kamusi. Tulipolijaza tangi, kuta zilitoka jasho kila upande.

“Umenijengea chujio, kijana,” alisema mzee.

“Vumilia, baba. Unga unahitaji maji hayohayo ndipo uzibe. Usiyamwage.”

Hakuyamwaga. Ila kwetu chungu kipya huzibwa kwa kupikiwa uji, naye aliona tangi ni chungu kikubwa tu. Niliporudi baada ya majuma kadhaa, kuta zilikuwa kavu, na maji yalinuka uji wa mtama uliochacha.

“Dawa yako ilikuwa inalia tu. Uji wangu ndio umeinyamazisha.”

Nilikuwa na maelezo marefu, yamepangwa vizuri. Binti yake, aliyesimama mlangoni, alinikazia macho.

“Kweli, baba,” nilisema. “Ni uji.”

Siku ya harusi, mzee aliwashauri waashi wote waliohudhuria waupike mzito.