Miti ya Ubatizo

Kutoka Mafinga hadi Bwera nilitumia siku kumi na moja. Lori la mbao lilinifikisha Mwanza, meli ikanivusha hadi Bukoba, kisha nikadandia magari ya mizigo kupitia Mutukula na Mbarara, na mwisho nikawa utingo kwenye fuso la dagaa lililokuwa likienda mpakani. Tulipopita Kasese niliona theluji juu ya milima, nikajiambia hapa nitakaa. Nilikuwa nimeshasema hivyo katika miji mingi. Mfukoni nilikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa mbegu za mikaratusi, ndogo kama vumbi la majani ya chai. Nilizitoa kwenye kitalu nilichofanyia kazi baada ya kidato cha nne.

Baada ya mto Nyamwamba kufurika na kubomoa nyumba Kasese, padri alihubiri habari za maji Jumapili tatu mfululizo. Kigango chetu, kanisa dogo la kijiji nilikooa mlimani juu ya Bwera, kilikuwa na chemchemi moja. Waumini waliacha kuosha kahawa pale, wakajenga uzio, wakapanga zamu za ulinzi. Mwenye gari aliyekuja kuliosha alifukuzwa na akina mama wakisali rozari kwa sauti. Kisha ikaamuliwa kwamba kila mtoto anayebatizwa apandiwe mti kando ya chemchemi. Nani ana miche? Mimi: zile mbegu nilikuwa nimeziotesha nyuma ya nyumba.

"Mutanzania, kumbe ulikuja na msitu ndani ya chupa!" katekista alisema, na kanisa zima likacheka. Tangu siku hiyo niliitwa fundi, nikakaa benchi la mbele. Kanuni za chemchemi niliziandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Ya kwanza ilisema: asikate mtu mti.

Kule Mafinga msimamizi wa kitalu alituambia kila msimu tusipande mkaratusi karibu na maji, kwa sababu unayanywa. Nililikumbuka hilo nikichimba shimo la kwanza. Nilinyamaza. Hakuna mahali pengine nilipowahi kuitwa fundi.

Chini ya kila mti tuliweka jiwe lenye jina la mtoto kwa rangi nyeupe. Binti yangu alikuwa na lake. Mama mmoja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge sokoni, alimpandia mwanawe, na mtoto akafa kwa malaria kabla hajatembea. Kila Jumamosi alipalilia ule mti.

Miaka mitano baadaye miti ilikuwa imelipita paa la kanisa. Jerikeni iliyokuwa ikijaa kabla hujamaliza Salamu Maria kumi, sasa ilitaka rozari nzima. Nikasimama kwenye mkutano wa kigango.

"Miti hii inakunywa chemchemi. Nilijua tangu mwanzo. Tuikate."

Katekista alitikisa kichwa. "Fundi, maji inapungua kwa sababu ya dhambi. Sasa unataka tukate ubatizo?"

Yule mama wa Butembo hakupandisha sauti. "Papa, kaburi ya mutoto iko kwetu, na njia iko na waasi. Muti ile ndiyo nabakia nayo. Ukiikata, nitalilia wapi?"

Asubuhi iliyofuata nilikata mti wa binti yangu, nikidhani baba mwingine angekuja na panga lake. Hakuja mtu. Mke wangu alikwea hadi pale, akautazama ule mti ulioanguka, akachukua jiwe na kwenda kuliweka chini ya kitanda chetu.

Kamati ya kigango ilinisomea kanuni kwa mwandiko wangu mwenyewe. Adhabu: nipande mwingine, aina ileile, mbele ya waumini.

Jumapili iliyofuata chemchemi ilikuwa ikidondoka tu, kwa hiyo akina mama walileta jerikeni kutoka mto Lhubiriha, ule wa mpakani. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mwagilia, fundi," katekista alisema. "Mwagilia vizuri."

Nilimwagilia. Mke wangu akarudisha jiwe mahali pake, na binti yangu akapiga makofi. Walipoanza wimbo wa kufunga ibada nilishuka nyumbani, nikachukua begi, nikapanda gari la kwanza la Kasese. Sijarudi.